Nusu Saa ya Kila Jioni

Kuna jambo kubwa lililopita mkoani kwetu Tanga na wengi tumeshalisahau. Mwishoni mwa 2017, vijiji 170 vya mkoa huu viliingia katika majaribio ya mashindano ya dunia yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pasipo mwalimu. Vishikwambi hivyo vilichajiwa kwa umeme wa jua. Majaribio yalichukua miezi 15, na Mei 2019 timu mbili zikagawana zawadi ya dola milioni 10: onebillion ya Uingereza na Kenya, na Kitkit School ya Marekani na Korea Kusini.

Watoto walikuwa wetu, Kiswahili chetu, hata jua lilikuwa letu. Programu ziliandikwa na wengine. Simlaumu mtu, maana waliofanya kazi hiyo waliifanya vizuri. Nimelikumbusha kwa sababu ya sharti moja la mashindano yale: timu tano zilizofika fainali zilitakiwa kuziacha programu zao wazi, yeyote azisome na kuzitumia bila malipo. Kwa hiyo kijana wa Old Korogwe mwenye simu na bando anaweza leo kufungua na kuona, mstari kwa mstari, jinsi ilivyotengenezwa programu iliyomfundisha mtoto wa Tanga kusoma.

Ataelewa? Leo hii, hapana. Na hapo ndipo maoni yangu ya leo yanapoanzia.

Vijana wetu wengi wanaotaka kutengeneza aplikesheni za simu hawakosi akili. Wanakosea ratiba. Kijana ananunua bando kubwa Jumamosi, anaangalia video kuanzia asubuhi mpaka usiku, ananakili kila anachoonyeshwa, na kweli kitu kinafanya kazi. Anafurahi. Jumatatu anarudi kwenye bodaboda, au dukani, au shambani. Jumamosi inayofuata akifungua tena, hakumbuki mabano yale yalikuwa ya nini. Anaanza upya. Mwezi haujaisha utamsikia akisema mambo ya kompyuta ni ya watu wa Dar es Salaam.

Na asidhani yuko peke yake. John Resig, Mmarekani aliyetengeneza jQuery, programu iliyotumika katika tovuti nyingi mno duniani, yalimkuta hayohayo. Alikuwa mwajiriwa, na kazi zake binafsi alizilimbikiza kwa wikiendi. Hazikwenda. Mwaka 2014 akaeleza alivyobadilisha utaratibu: aliandika programu kila siku, angalau nusu saa, kabla ya saa sita usiku, na ilikuwa lazima aandike kitu chenye kazi, si kupanga upya mistari ili ipendeze. Huyo ni bingwa, jamani. Ikiwa bingwa alisahau kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, wewe unayeanza utakumbuka kwa dawa gani?

Waliosoma chuoni, nina maana madrasa, wanaujua utaratibu huu tangu utotoni. Mwalimu anakupa aya chache, kesho unazisoma mbele yake, ukizikosea hupewi nyingine. Hakuna anayehifadhi juzuu kwa Jumamosi moja.

Sasa, nusu saa hiyo ifanye nini? Mimi nashauri kijana achukue kitu kilichopo mtaani kwake. Mathalani kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana: kuna hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, na yote yamo kwenye daftari la katibu. Jioni ya kwanza aandike programu ya mistari michache tu: mwanachama kanunua hisa tatu, hisa moja ni shilingi 2,000, jumla ngapi? Ijibu 6,000, basi, akalale. Jioni ya pili mtu aandike neno "tatu" badala ya tarakimu 3, programu ianguke, naye ajifunze kukagua anachopewa kabla ya kukipigia hesabu. Jioni nyingine aweke orodha ya majina. Nyingine, faini ya aliyechelewa.

Akifika kwenye simu yenyewe atakutana na vituko. Ataigeuza simu kutoka wima kwenda ulalo, na huenda jina alilokwisha kuliandika likatoweka. Simu si mbovu. Android, ukiigeuza, kwa kawaida huuvunja ukurasa na kuujenga upya, na usipoiambia ihifadhi kilichokuwapo, mara nyingi haihifadhi. Hilo moja laweza kumla jioni tatu. Zimle. Huko ndiko kujifunza kwenyewe, na hakuna video ya kumalizia jambo hilo kwa niaba yake.

Najua swali linalokuja: kompyuta iko wapi? Ni kweli, Android Studio, karakana ambamo aplikesheni za Android hutengenezwa, inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 kwenda juu, na bei yake si ya mchezo. Lakini wiki nyingi za mwanzo hazihitaji karakana hiyo. Lugha ya Kotlin ina ukurasa wake wa mazoezi, Kotlin Playground, unaofunguka kwenye kivinjari cha simu. Lugha ya Dart nayo ina DartPad. Zoezi la mistari kumi halimalizi bando kama video. Kompyuta ya kuazima itakuja kuhitajika baadaye, na hapo aunganishe simu yake kwa waya aijaribie humo, badala ya kuwasha ile simu ya bandia ndani ya kompyuta, ambayo ndiyo hula kumbukumbu yote.

Wapo watakaosema siku hizi unaiagiza ChatGPT, ikuandikie kila kitu kwa dakika moja. Iulizwe, kwa nini isiulizwe? Ila siku ya kuvunja kikundi na kugawana, fedha zisipolingana na hesabu, wanachama hawatamwita ChatGPT. Watakuita wewe, na itabidi ujue mstari upi umekosea.

Mwendo huu ni wa polepole. Huenda mwaka mzima ukatoa aplikesheni moja, tena ndogo. Hata hivyo naipa hiyo heshima kuliko cheti cha kozi ya wiki mbili ambacho mwenyewe hawezi kuonyesha alichotengeneza.

Na ikikamilika, duka la Google Play linatoza dola 25 mara moja tu kumsajili mtengenezaji. Kwa anayejiandikisha mpya kama mtu binafsi, tangu Desemba 2024 kuna sharti la kuwa na watu 12 walioijaribu aplikesheni yake kwa siku 14 mfululizo. Kijana asiyejulikana na mtu atahangaika kuwapata. Aliyetengenezea kikundi cha mama yake, wanachama wenye simu janja ndio hao hao watakaoijaribu.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa makatibu wa vikundi vya Old Korogwe, Manundu, Mtonga, hadi Handeni. Daftari la mwaka jana, ambalo mlishavunja na kugawana, msilitupe. Nakilini hesabu zake bila majina, mumpe kijana wa jirani anayejifunza. Aziingize kwenye programu yake, jumla zake azilinganishe na zenu. Zikitofautiana, kaeni naye mtafute aliyekosea ni nani, yeye au daftari.