Kujifunza Lugha ya J kwa Mafumbo ya Hesabu



J ni lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1990 na Kenneth Iverson, Mkanada, akishirikiana na Roger Hui. Mizizi yake ni alama ambazo Iverson alizibuni kwa ajili ya kuandikia na kufundishia hesabu, akazichapisha kitabuni mwaka 1962 kabla hazijawa lugha ya kompyuta iitwayo APL. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba anayejifunza J aanze na mafumbo ya hesabu. Mazoezi ya ankara na orodha za wafanyakazi yaje baadaye.

Tuchukue fumbo la kwanza la Project Euler, mkusanyo ulioanza mwaka 2001: tafuta jumla ya vigawe vyote vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000. Aliyezoea Python ataandika kitanzi, apime namba moja baada ya nyingine. Katika J tunaandika:

+/ I. +./ 0 = 3 5 |/ i. 1000

Mstari huu unasomwa kuanzia kulia. Sehemu ya i. 1000 inaleta namba zote, 0 hadi 999, kwa mpigo mmoja. Inayofuata inazigawa zote kwa 3 na kwa 5, ikatoa jedwali la baki lenye safu mbili. Kisha 0 = inaweka 1 kila penye baki sifuri, na +./ inaziunganisha safu hizo kwa maana ya "au", hivyo 15 haihesabiwi mara mbili. I. inaokota nafasi zenye 1, na kwa kuwa tulianzia 0, nafasi hizo ndizo namba zenyewe. Mwisho +/ inajumlisha: 233168.

Mwanafunzi asiishie hapo. Achukue kalamu: vigawe vya 3 vina jumla ya 166833, vya 5 ni 99500, na vya 15, vilivyoingia kote kuwili, ni 33165. Ajumlishe viwili vya kwanza, atoe cha tatu, apate jibu lilelile. Kwangu mimi faida kubwa ya somo iko katika ulinganisho huu, kwa sababu hapo anaanza kuliona kundi la namba kama kitu kimoja.

Fumbo la tano linataka namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 20:

*./ 1 + i. 20

Jibu ni 232792560. Alama *. ni kigawe kidogo cha shirika, kile tulichofundishwa shule ya msingi. Ikipewa 0 na 1 tu, inafanya kazi ya "na". Mwenziwe +. ni kigawo kikubwa cha shirika. Kumbe "au" ya fumbo la kwanza ilikuwa kigawo hichohicho! Uhusiano huu hauonekani kirahisi katika lugha zinazotenga mantiki na hesabu, na mwanafunzi aachwe augundue mwenyewe.

Mafumbo mengine yasubiri. Fumbo la 14, la mfuatano wa Collatz, lina hatua zinazotegemea hatua iliyotangulia, na kila mfuatano una urefu wake. Mgeni wa J akipewa mapema atarudia vitanzi alivyovizoea. Apewe akishaifahamu ^: , alama ya kurudia tendo.