Kiinua Mgongo: Mhadhara wa Umma kuhusu Mazoezi ya Uzeeni, Chini ya Milima ya Uluguru



Lugha yetu humpa mstaafu kitu kiitwacho kiinua mgongo. Ni fedha, lakini aliyelibuni jina hilo alijua kwamba mgongo uliofanya kazi miaka mingi huinama. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na kesho yake mwili hauna tena safari ya kazini wala ngazi za ofisini. Nimewaona wenzangu wakijenga nyumba nzuri Kihonda na Bigwa, hapa Morogoro, wakaweka kiti barazani, na baada ya miaka michache wakawa hawainuki kwenye kiti hicho mpaka washikwe mkono. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu jioni ya leo.

Simameni alfajiri kwenye njia inayoteremka kutoka Morningside, huko juu Uluguru. Mtaona bibi wa rika la wastaafu hao wakishuka kutoka Choma na Ruvuma za huko mlimani, ndizi na mboga kichwani, kuwahi soko. Watu husema mlima unawatunza. Mimi huangalia hasa wanavyoshuka. Kupanda huupa kazi moyo na mapafu. Kushuka huyapa kazi mapaja. Msuli wa mbele ya paja hukaza huku ukirefuka, ukiwa breki ya mwili mzima, na msuli huohuo ndio humdaka mzee anapojikwaa kizingitini. Mzee anaweza kuvunjika nyonga akiwa na pumzi ya kutosha kabisa. Paja ndilo lililochelewa.

Lakini nisiupambe mlima. Mzigo wa kichwani ni riziki, na bibi mwenye goti bovu haulizwi kama leo anajisikia kupumzika. Tena tunayo takwimu ya kwetu wenyewe. Kati ya 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo vya kiharusi Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Dar es Salaam iliongoza, na Morogoro Vijijini ilikuwa ya chini kabisa kati ya zote tatu. Hata hivyo, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, viwango vyake vilizidi vya Uingereza na Wales. Watafiti walishuku shinikizo la damu lisilotibiwa. Kwa hiyo hata anayepanda Uluguru kila siku, naomba apimwe presha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mwenye miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hapo ndipo wengi tunapoishia kusoma. Unaendelea: mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na ya kujimudu mwili usiyumbe, pamoja na nguvu, angalau siku 3. Kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 ilitupa Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na nimefurahi kuona wazee wakitembea pamoja bila kuulizwa wanakimbia nini. Ila paja halijengwi kwa Jumamosi moja ya mwezi.

Linajengwa nyumbani. Keti mkekani, uinuke. Simama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu. Shuka ngazi taratibu, usijiachie. Anayesali mkekani tayari anainuka mara nyingi kwa siku. Mwenye presha au maumivu ya kifua aanze kwa ushauri wa daktari. Wiki ya kwanza miguu itauma, na mjukuu anayehesabu kwa sauti husaidia kuliko saa.

Sasa nawaomba wote mliovuka miaka 60, kabla hatujaondoka ukumbini: kunjeni mikono kifuani, mwinuke kutoka vitini mwenu mara tano, bila haraka. Ambaye mikono yake itatafuta egemeo asione haya. Abaki nami hapa mbele, tuanze na kiti alichokalia.