Daftari la Waliopigwa Risasi



Asubuhi ya Jumapili, Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko Beit-el-Ras, alipofika kanisani kuadhimisha Misa. Siku ya Noeli iliyotangulia, Padri Ambrose Mkenda naye alipigwa risasi, lakini Mungu akamponya. Majina haya mawili tunayataja katika sala zetu, na ni haki tuyataje. Lakini hebu tujiulize: nani kati yetu anaweza kumtaja kwa jina imamu aliyeuawa kwa risasi za polisi pale Mwembetanga, siku ya Ijumaa, Januari 26, 2001? Kutoka hapa Minara Miwili hadi Mwembetanga ni mwendo wa miguu tu.

Siku iliyofuata askari waliwafyatulia risasi waandamanaji waliodai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, hapa Unguja na hasa Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, nchini Kenya. Je, waliouawa ni wangapi? Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35, na majeruhi zaidi ya 600. Serikali ilitaja idadi ndogo zaidi, na tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikaja na hesabu yake. Upande wa Bara nako, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, hesabu za waliouawa zilipishana vivyo hivyo.

Hesabu hupishana kwa sababu wanaohesabu huja baadaye, wakati maiti zimekwisha zikwa na majeruhi wamejificha. Mtu aliyejeruhiwa hutakiwa kuwa na fomu ya polisi, ile PF3. Je, aliyepigwa risasi na askari ataiombaje kwa askari? Mwaka 2001 wapo walioogopa hata kufika hospitali wasije wakakamatwa. Jirani ndiye aliyejua. Jirani hakuulizwa, naye hakuandika.

Hapa tunaweza kujifunza kutoka mji wa Cali, nchini Kolombia. Mwaka 1992 daktari mmoja, Rodrigo Guerrero, alikuwa meya wa mji huo uliojaa mauaji. Aliwakutanisha polisi, waganga na watu wa sheria kila juma, wapate idadi moja ya waliouawa, pamoja na mahali na saa. Ikaonekana kwamba mauaji yalizidi mwisho wa juma, na kwamba pombe na bunduki viliandamana. Basi kubeba silaha kukapigwa marufuku katika baadhi ya siku hizo, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba siku za marufuku mauaji yalipungua. Kwetu Unguja risasi haifuati pombe wala mshahara. Mara nyingi imefuata kalenda ya uchaguzi, na kalenda hiyo tunaijua miaka mitano kabla.

Wengine mtasema kwamba kazi hii ni ya polisi na ya sheha. Ni kweli, nao tutawaendea kwa heshima. Lakini pale ambapo mfyatuaji na mhesabu ni mmoja, hatuna budi kuwa na hesabu ya pili.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ziwe na daftari. Liandikwe jina, umri, siku, saa na mahali. Jeraha liko wapi mwilini. Alitibiwa au la. Na baada ya miezi sita, je, amerudi kazini? Hili la mwisho msilipuuze, kwa maana mvuvi aliyevunjwa mkono kwa risasi hatajwi popote, na watoto wake wanalala njaa. Jina la mtuhumiwa lisiandikwe kamwe: uvumi ulioandikwa huweza kuua kama bunduki. Daftari litunzwe na watu wawili, wala lisionyeshwe kwa yeyote pasipo ridhaa ya mwenye jeraha au ya wafiwa.

Katika mitaa mingi ya Mji Mkongwe sisi Wakristo ni nyumba moja moja tu, kwa hiyo majina mengi yatakuwa ya majirani zetu Waislamu. Tutawaomba wazee wa misikiti wasimamie daftari pamoja nasi, nao wakitaka likae kwao, likae kwao. Safu ya dini hatukuichora.