Kaa wa Mtoni na Kingo za Vidimbwi

Nakala ya mazungumzo kwa wafugaji wa samaki

Lalamiko la wafugaji wa samaki ni la haki: kaa huchimba. Shimo lake hupenya ukingo wa kidimbwi, maji yakavuja usiku, na asubuhi vifaranga wamebaki kwenye tope. Ndiyo maana wengine humimina dawa ya kupe au ya mboga shimoni. Hapo ndipo hasara kubwa huanzia.

Kaa wa maji baridi si kama yule wa Mombasa. Wa baharini hutaga mayai kwa maelfu mengi, na watoto wake huelea majini kwa muda kabla ya kufanana na kaa. Wa mtoni hutaga machache, makubwa, akiyabeba chini ya mkia uliokunjwa tumboni. Yakianguliwa hutoka kaa wadogo kamili, nao hukaa hapo hapo kwa mama kwanza. Hakuna anayechukuliwa na mkondo kwenda kuanza maisha mbali. Kijito kikitiwa sumu, wa kujaza pengo lazima watembee kwa miguu kutoka kijito kingine, ikiwa nacho bado kinao.

Kazi yake ni kukatakata majani yaliyoanguka mtoni na kuyala. Mabaki hulisha wadudu wadogo, na wadudu hulisha samaki. Hula mizoga pia. Yeye naye huliwa na fisi maji, kenge na ndege.

Homa Bay ina sababu ya pekee ya kumjua. Bonde la Kodera liliwahi kusumbuliwa na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoenezwa na inzi mdogo mweusi. Mwaka 1946 mito ya huko ilitiwa DDT na inzi wakaangamizwa, ingawa hakuna aliyejua mabuu yao hukaa wapi. Jibu lilichapishwa mwaka 1950 na watafiti van Someren na McMahon: mabuu yalikuwa yameng'ang'ania mwilini mwa kaa. Kaa alikuwa matatu tu. Ugonjwa haukuwa wake.

Lile lilikuwa zoezi la wataalamu, kwa kipimo, dhidi ya upofu. Kopo la dawa shimoni ni jambo jingine kabisa. Maji hayo hayo hunyweshwa ng'ombe na huchotwa na jirani wa chini, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuyatia sumu.

Shimo lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, na ukingo upandwe nyasi. Kaa hutembea zaidi usiku, kwa hiyo kikapu chenye utumbo wa samaki kitegwe jioni. Anayetaka kuwala awachemshe hadi waive kabisa: katika sehemu za Afrika Magharibi na ya Kati, kaa wa mtoni wasioiva wamewaambukiza watu minyoo ya mapafu.