Karatasi Moja, Mikono Mingi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira)

 

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, lakini nitaanza na migomba. Nyote mnamjua fukusi, yule mdudu anayetoboa mgomba chini mpaka unaanguka pamoja na mkungu wake. Njia moja ya kumzuia ni kumenya chipukizi kabla ya kupanda, halafu kulichovya katika maji yanayochemka kwa sekunde 30.

Haya, tuseme katibu ameandika maagizo hayo akayatuma kwa simu kwa vikundi kumi. Kwa bahati mbaya, badala ya "sekunde 30" ameandika "dakika 30". Mtapanda nini? Mtapanda chakula kilichoiva! Baadaye anaona kosa, anatuma karatasi nyingine. Lakini ile ya kwanza bado iko kwenye simu za watu. Wa Keroka wanasoma ya zamani, wa Suneka wanasoma mpya, na zote zina jina lile lile. Nani atajua ya kweli ni gani?

Hiyo ndiyo shida ya kugawana faili peke yake. Kila anayepokea anabaki na nakala yake, na masahihisho hayamfikii.

Sasa kuna kitu kinaitwa wiki. Si wiki ya siku saba! Neno hili limetoka Hawaii, na maana yake ni haraka. Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alitengeneza kurasa ambazo msomaji mwenyewe anaweza kuzisahihisha. Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanza 2001, imejengwa kwa njia hiyo, nayo iko pia kwa Kiswahili.

Katika wiki ukurasa ni mmoja tu. Mama wa Nyamira akiona "dakika", anabadilisha iwe "sekunde", na kuanzia hapo kila anayeufungua anasoma "sekunde". Na akija mtu kuharibu je? Kila badiliko linawekwa pamoja na jina la aliyeandika na saa aliyoandika. Maneno ya zamani hayapotei, mnaweza kuyarudisha.

Watengenezaji wa programu za kuweka faili waliona faida hiyo. SharePoint ya Microsoft iliongezewa kurasa za wiki katika toleo la 2007. Nextcloud, programu huria iliyoanzishwa 2016, ina sehemu iitwayo Collectives ya kazi hiyo hiyo. Hivyo picha na barua za kikundi zinakaa mahali pamoja na kurasa ambazo wote wanaziandika. Lakini Nextcloud inahitaji kompyuta inayowaka wakati wote na mtu wa kuitunza. Kikundi kidogo kinaweza kuanza na waraka mmoja wa Google Docs: nao husahihishwa na wengi, na hukumbuka yaliyobadilishwa. La muhimu, msitume nakala. Tumeni anwani ya kuufungulia.

Nawaomba mfanye mambo manne:

1. Chagueni jambo moja la kuanzia, kama ndizi, chai au kuku. Ukurasa mmoja kwa jambo moja.

2. Wekeni watu wawili wa kuangalia mabadiliko kila juma, mmoja awe kijana na mwingine mtu mzima aijuaye kazi yenyewe. Mashine haijui sekunde na dakika. Mkulima ndiye anajua.

3. Nambari za vitambulisho na hesabu za pesa za wanachama zisiwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kufungua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Risiti na daftari la pesa zibaki kwa mweka hazina.

4. Kila mwezi chapeni ukurasa, mwandike tarehe juu, muusome mkutanoni. Wengine hawana simu ya intaneti, na mara nyingi hao ndio wenye ujuzi mwingi. Wanayosema yaandikwe.

Ndugu zangu, ujuzi wetu mwingi umo kichwani mwa mtu mmoja au katika daftari la katibu. Akihama, umekwenda naye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuandike pamoja, tusahihishane bila kuoneana haya.