“British” Ni Nani Hasa?



Tarehe 26 Agosti, 1916, majeshi ya Mwingereza yaliiteka Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Lakini jemadari wa majeshi hayo, Jan Smuts, alikuwa Kaburu aliyepigana na Waingereza hao hao katika vita ya 1899 hadi 1902. Chini yake walikuwamo Makaburu, Wahindi na Waafrika. Basi aliyeitwa “British” alikuwa nani hasa?

Jina hilo kwa asili si la watawala. Wagiriki wa kale, na baadaye Warumi, waliwaita hivyo wenyeji wa kisiwa kile. Warumi walipokivamia mwaka 43, waliliita jimbo lao Britania. Katika karne ya tano walianza kuhamia Waanglo na Wasaksoni kutoka pande za Ujerumani na Denmark. Jina Uingereza latokana na Waanglo hao. Wenyeji, waliokuwa Wabritania wa awali, wakabandikwa na wahamiaji jina lenye maana ya “wageni” katika nchi yao wenyewe. Ndilo asili ya jina Wales.

Siasa ikalifufua jina la walioshindwa. Mwaka 1707 Uingereza, iliyokwisha kuimeza Wales, iliungana na Uskoti, na dola hiyo ikaitwa Britania Kuu. Kwa hiyo kila Mwingereza ni Mbritania, lakini si kila Mbritania ni Mwingereza. Mskoti hapendi kuitwa Mwingereza, ingawa Kiswahili huwatia wote katika chungu kimoja.

Na mtawaliwa je? Chini ya udhamini, Mtanganyika hakuhesabiwa raia wa Kibritania, bali mtu “aliye chini ya ulinzi” wa dola hiyo. Mluguru alilipa kodi, akalazimishwa kuchimba matuta milimani, hata ghasia zikazuka mwaka 1955. Ulinzi huo aliujua kwa jembe na kwa rungu la polisi. Jina halikuwa lake.

Jina la taifa halishuki kutoka mbinguni. Hutungwa na watu. Jina Tanzania lilitungwa mwaka 1964, kutokana na muungano uliojulikana wazi. Mwalimu amweleze hayo mwanafunzi, ili anapolisoma neno “British” asilisujudie wala asiliogope, bali aulize: nani alilitunga, na kwa faida ya nani?