Mashua ya Kukokotwa: Kipimo Kitufaacho Sisi wa Milimani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mashua, na huenda mtu akacheka akauliza, Ntobeye na mashua wapi na wapi? Kwetu ni vilima, migomba na mibuni. Atakaye kuliona Ziwa Victoria hana budi kusafiri zaidi ya kilomita mia, apite Nyakahura na Lusahunga hata Biharamulo, ndipo ateremke Nyamirembe. Hata hivyo maji hatuyakosi. Mto Ruvuvu wapita katika wilaya yetu ya Ngara, ukaungana na Kagera karibu na Maporomoko ya Rusumo. Tena wapo wenzetu wengi ambao huweka akiba pamoja kwa nia ya kununua mashua moja ya mota, itumike mtoni msimu huu na ziwani msimu ujao.

Mashua ya watu kama sisi hailali majini. Ikiachwa ufukweni bila mlinzi, mashine huibwa, nayo mbao au fibagilasi huharibika kwa jua na mvua. Kwa hiyo hupandishwa juu ya gari dogo la magurudumu mawili, liitwalo tela, ikakokotwa na motokaa mpaka nyumbani. Basi swali ni hili: mashua hiyo iwe na urefu gani? Vijana hujibu upesi kwamba iwe kubwa kadiri fedha zitakavyofika. Jibu hilo hatulikubali. Mashua ya kukokotwa ina safari mbili, moja ya nchi kavu na moja ya majini, na kipimo chake ni kile kinachoweza kuzimaliza zote mbili.

Habari iliyo kubwa kabisa ya jambo hili katika pande zetu ilitokea katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 Wadachi walikuwa wakilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na Waingereza hawakuwa na chombo huko. Mwindaji mmoja, jina lake John Lee, alitoa shauri mjini London kwamba zipelekwe mashua za mota kwa njia ya nchi kavu. Zikachaguliwa mbili, kila moja urefu wake futi 40 na upana futi 8, zikapewa majina ya Mimi na Toutou. (Jina hilo la kwanza halihusiani na neno letu la Kiswahili, majina yote mawili ni ya Kifaransa, mlio wa paka na jina la kumwitia mbwa.) Zilipakiwa melini hata Cape Town, zikapanda reli mpaka Fungurume katika Kongo, na hapo reli ikaishia. Toka hapo zilikokotwa porini kwa magari ya mvuke na kwa maksai, juu ya milima ya Mitumba, kwa muda wa majuma kama sita. Watu wakakata miti na kujenga madaraja mengi. Baadaye zilipanda reli nyingine, zikashuka mto Lualaba, zikapanda reli tena, na mwezi wa Oktoba zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kidachi, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann.

Tazameni sasa upande wa pili. Wadachi walikuwa wakiunda meli kubwa zaidi, Graf von Götzen. Meli hiyo haikuweza kukokotwa nzima. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli hadi Kigoma, ambako mafundi waliiunga upya. Kama reli isingalifika Kigoma, meli ile isingalikuwako. Ndiyo ile iliyozamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikatumika kwa jina la Liemba. Hivyo kila upande ulichukua kipimo cha njia yake: mwenye reli hata ufukweni aliunda meli, na mwenye njia ya maksai alichukua futi 40, wala hakuzidisha.

Sisi hatuna maksai mia wala magari ya mvuke. Tuna motokaa moja, mara nyingi ya kukodi, na barabara yenye kupanda na kushuka. Kwa hiyo kwanza na tupime uzito, na tuupime kwa ukamilifu. Wauzaji hutaja uzito wa mwili wa mashua peke yake, na mnunuzi husahau yaliyobaki. Tuchukue mfano wa mashua ya futi 16. Mwili wake waweza kuwa kilo 250, mashine ya nguvu za farasi 40 kilo 95, tela lenyewe kilo 200, petroli lita 50 kama kilo 37, na nanga, kamba, makasia na maboya ya kuvaa kilo 40. Jumla ni kilo 622. Sasa chukueni ya futi 20 yenye mwili mnene. Mwili kilo 700, mashine kubwa kilo 175, tela kilo 350, petroli lita 100 kama kilo 75, na vyombo kilo 80. Yote ni kilo 1,380. Futi zimeongezeka nne tu, lakini uzito umepita mara mbili, maana mashua ikirefuka hupanuka pia na kwenda kina.

Katika nchi nyingi za Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kupita kilo 750. Nasi twaiona kanuni hiyo kuwa ya busara kwa vilima vya Ngara. Kupanda mlima si hatari sana, kwa maana gari likishindwa husimama. Hatari ni kushuka, mzigo ulio nyuma unapolisukuma gari kwenye kona na breki zimekwisha kupata moto. Angalieni tena jinsi mzigo ulivyokaa juu ya tela: sehemu ya kumi ya uzito, au pungufu kidogo, na ilale juu ya kiungo cha gari. Ikiwa uzito wote umelala nyuma kwenye mashine, tela huyumba kama mkia wa mamba, na dereva hawezi kulitawala.

Hayo ndiyo yanayotukataza mashua kubwa. Lakini ndogo mno nayo ina hukumu yake, na hukumu hiyo hutolewa majini. Kwa mashua zisizofika futi 20 iko hesabu rahisi ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuifanya: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawanya kwa 15, jibu ni idadi ya watu wazima, maji yakiwa shwari. Mashua ya futi 14 kwa 5 yatoa 70. Gawanya kwa 15, wapata watu wanne na baki. Ile baki si mtu, iache. Mashua ya futi 16 kwa 6 yatoa 96, yaani watu sita. Mkipakia magunia, basi kila kilo 70 za mzigo zihesabuni kuwa mtu mmoja. Na siku ya upepo wapungueni wote, maana mawimbi ya Victoria ni mafupi na yameinuka, huingia mashua fupi kwa omo na kuijaza maji.

Msidhani hesabu hii ni ya kitoto. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati, kisiwani Ukara. Kilikuwa kimeandikiwa abiria 101, nacho kilichukua zaidi ya mara mbili ya hao; waliokufa walipita 220, nao walikuwa wameiona nchi kavu kwa macho.

Habari ya mashine twaipitia kwa haraka, ila jambo moja wengi hawalijui. Injini ya petroli hupungukiwa nguvu mahali palipoinuka, kadiri ya sehemu tatu katika mia kwa kila futi elfu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 3,700. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa farasi 15 huvuta huko kama 13 na nusu. Msinunue ile inayotosha kwa shida.

Na huko Ruvuvu liko jambo lililo zito kuliko upepo. Mto huo huteremka kuelekea maporomoko, tena una viboko. Mashine ikizimika, mtakalobaki nalo ni makasia. Watu wawili huweza kuirudisha ukingoni mashua ya futi 14 iliyo nyepesi. Ile ya futi 20 yenye mashine nzito, mkondo utaichukua nao wakitazama. Kwa mto peke yake, basi, twachagua futi 14. Kwa wanaotaka mto na ziwa pamoja, bila kwenda mbali na pwani, twachagua futi 16, upana usiopungua futi 6, na kingo zilizoinuka vizuri. Futi 12 ziachieni mabwawa. Atakaye kuvuka kwenda visiwani na mizigo, huyo anahitaji chombo kikubwa kinacholala majini, na mtu wa kukilinda, nasi hatumwuzii maneno ya tela.

Kabla ya kulipa fedha, nendeni mkautazame ufukwe mtakaoshushia. Pwani nyingi hazina sakafu ya saruji, ila mchanga na tope. Mashua ya kilo 250, mashine ikiwa imekwisha kuvuliwa, watu sita hadi wanane huisukuma. Ya kilo 700 hulizamisha tela na gari pamoja. Na mkifika, msiyatie magurudumu majini papo hapo. Beringi zilizopata moto kwa safari ndefu zikigusa maji ya baridi hufyonza maji ndani, grisi ikaharibika, na gurudumu likakatika mkiwa njiani kurudi. Kaeni kwanza nusu saa, mle viazi vyenu, hata mkono uweze kuligusa gurudumu bila kuungua.